Kabuli Kabla ya Ijabu

Saa nane za usiku, Langoni,
ghorofa ya pili juu ya duka la Shali la misumari na rangi,
feni inazunguka kama mtu anayekataa jambo polepole,
na mimi bado nagombana na mashine
juu ya jina moja.

Kesho (si kesho tena, leo) ofisi ya vyeti vya ndoa
inataka seva yake isimame, yenye kufuli,
asiyehusika asichungulie nani kamuoa nani
na kwa mahari kiasi gani.
Katika mui wetu siri hupenya kuta za matumbawe.
Angalau isipenyee kwangu.

Kukusanya kulipita salama. Faili mia mbili na kumi na nne,
moja baada ya moja, bila hata onyo.
Nikajimiminia chai.
Kisha akaja kiunganishi, yule mshona vipande,
akatema mistari myekundu:
jina limetajwa, mwenyewe hajulikani.
Mara arubaini.

Nilifanya wafanyavyo wote:
nikasoma kosa la mwisho, nikaliacha la kwanza.
Nikafuta, nikaanza upya.
Nikamlaani aliyeandika, kisha nikakumbuka ni mimi.
Nikakuta libssl mbili,
moja kuukuu, ya mfumo, moja niliyoijenga mwenyewe wiki iliyopita,
pacha wasiosalimiana, kila mmoja na folda yake.
Ile kuukuu nikaiondoa njiani.
Arubaini yakawa thelathini na tisa.
Nusura nipige vigelegele.

Nikaifungua maktaba, nikaorodhesha yaliyomo,
na lile jina limo!
Limo, naliona, herufi kwa herufi.
Mlango u wazi, mwenyeji yupo,
na bado mtu anapiga hodi, hodi, hodi,
anaondoka.

Mama kaamka kunywa mai.
"Mwanakheri, hulali? Mato yatakutoka."
"Nimebakisha jina moja, mama."
"La nani?"
Sikujua nimjibu nini.

Labda ni hilo "la nani"
lililonirudisha kwenye nikahi ya binamu yangu Famau, mwaka juzi,
sisi wanawake tukisikiliza kwa kipaza sauti kibovu.
Kadhi hajamaliza hata kukohoa,
Famau huyo: "Nimekubali!"
Msikiti mzima kicheko.
"Umekubali nini, bwana? Hujaulizwa bado."
Kabuli ile ikaanguka chini, haikuhesabiwa.
Akangoja, akaozwa kwa maneno yake yote,
ndipo akajibu tena,
na mara hii ikashika.

Nikautazama ule mstari wa amri.
Maktaba nimezitanguliza, msimbo wangu uko nyuma.
Jibu kabla ya swali.
Kiunganishi hupita mara moja tu, kushoto kwenda kulia, harudi.
Alifika kwa libcrypto mapema mno, akauliza:
kuna anayekuhitaji?
Wakati ule hakuna.
Akaenda zake.

Nikahamisha maneno matatu.
Kwanza msimbo, unaoomba.
Kisha libssl, inayojibu na kuomba pia.
Mwisho libcrypto, ambayo nilidhani haimuombi yeyote
(likabaki kosa moja, kumbe nayo ina wa kumuomba,
nikamtia libdl mkiani).

Kimya.
Kile kimya cha mashine, kisicho na pongezi.

Seva ikasimama saa kumi na nusu,
adhana ikianza upande wa Mkomani,
chai yangu imefanya utando.
Nikafungua kivinjari, nikaandika anwani, nikalingoja kufuli.
Ukaja ukurasa mweupe na onyo:
cheti hiki kimejitilia sahihi chenyewe.

Yaani, mmeoana, sawa.
Mashahidi wako wapi?