Safu Mbili

Chumba cha tatu, Moshi, mvua ya Aprili juu ya bati.
Nampa Aikande kichupa: pulizia, mara tatu kila pua.
Huenda ni oksitosini, huenda maji ya chumvi;
mimi mwenyewe sijaambiwa.

Kisha picha. Abonyeze kila moja ikibadilika rangi.
Sura inayocheka. Pasi ya mkaa.
Sura iliyonuna. Ndoo. Sura. Kiti.

Fomu yangu ina safu mbili, watu na vitu.
Wengine wanasema dawa hulivuta jicho kwenye nyuso,
wengine, kwamba huamsha chochote kile.
Wakubwa bado wanabishana.

Kwenye nyuso kidole chake chepesi:
miaka kumi na mmoja akichambua buni kiwandani,
mbovu huku, nzima kule.
Kwenye kiti kidole kikagoma.

Sekunde nne nzima.
"Kina mguu uliofungwa waya," akasema,
"kama cha mama, Kibosho.
Alikikalia mpaka alipotuacha."

Nje lori la ndizi lilirudi nyuma likilia.
Hakugeuka.

Nimeandika nne juu ya mstari wenyewe,
katikati ya safu.
Jumatatu msimamizi atanifokea,
na atakuwa na haki.