Usifunue

Maziwa ni ya Njoro, lita tatu,
ya Sigei, ambaye hapimi kwa kikombe
bali kwa jinsi ulivyomsalimu.
Leo nilimsalimu vizuri.

Niliyachemsha mpaka yakataka kupanda,
nikayatua, nikangoja
mpaka kidole changu cha mwisho kiweze kuhesabu kumi ndani yake
bila kulalamika.
Kisha vijiko viwili vya mbegu ya Kerubo,
aliyoipata kwa shangazi yake wa Keroka,
aliyeipata sijui wapi.
Mtindi huu una ukoo mrefu kuliko wangu.

Nikaiviringisha sufuria
katika blanketi la kijivu la bweni
(namba 114 ingali pembeni, uzi mwekundu)
nikaikalisha kwenye kochi kama mgeni wa heshima.

Saa moja wakaja:
Jerotich na flashi ndani ya soksi ya mtoto,
Kerubo na miwani mipya anayoionea haya,
Nasambu mikono mitupu, kama zamani.
Jumamosi sita tumetazama.
"Zimebaki tatu," Jerotich akasema.
"Na ile."

Ile.
Kidato cha pili, kila Alhamisi,
wasichana themanini mbele ya runinga moja ya chengachenga,
mmoja dirishani ameshika antena,
uso kaelekeza Menengai, anauliza,
"Sasa je? Sasa je?"
Tulimpenda Damari, aliyetoroka kwa mama mkwe
na cherehani kichwani.
Usiku wa sehemu ya mwisho
stima ikapotea Nakuru nzima.

Likizo ilipokwisha Nasambu akatuambia
aliiona kwa mjomba wake, Kisumu:
Damari alirudi, akabisha,
Bi Filomena akafungua,
wakatazamana muda wa chai kuchemka,
kisha mama mkwe akaipokea ile cherehani, akaitua sakafuni.
Hakuna aliyesema samahani.

Tulilia bafuni.
Tumeishi na mlango huo miaka ishirini na minane.
Kerubo alirudi kwa mumewe mara moja kwa sababu yake,
na hakuna aliyempokea mzigo.

Sasa tunaona ukuta wa nyumba ya Damari ukitikisika
kila mtu anapofunga mlango.
Jerotich anayatamka maneno
nusu pumzi kabla ya wenyewe.
Na Bi Filomena, tuliyemwombea radi,
kumbe ni rika letu.
Kumbe akishuka ngazi hushika ukuta.
"Goti hilo," Kerubo akasema. "La kushoto."
Hakuna aliyecheka.

Mara tatu niligusa blanketi,
mara tatu Nasambu akanipiga kofi mkononi.
"Usifunue. Kinachoganda hakitaki kuchunguliwa."

Saa saba usiku, ile.
Damari akapanda basi.
Basi likaondoka.
Majina yakaanza kupanda: mpiga picha, fundi wa taa,
mpishi.
Mlango haukuwepo. Wala cherehani.

Tukamgeukia Nasambu.
Alikuwa akiikunja soksi ya mtoto,
mara mbili, mara nne,
mpaka haikukunjika tena.
"Mimi," akasema, "sina mjomba Kisumu."

Nje mbwa wa Shabab walibweka wakachoka.
Kerubo alivua miwani, akaifuta kwa leso,
akaivaa, akaivua.
Nilidhani ataondoka.
Ni Jerotich aliyeinuka, akaizima runinga.
"Haya," akasema. "Tuambie tena. Ile yetu."

Nasambu akaanza, sauti ndogo,
kuanzia barabarani, kuanzia vumbi kwenye viatu.
Alipofika pa kubisha
Kerubo aligonga meza kwa kifundo cha kidole,
mara mbili, taratibu.

Nikafunua.
Nikaiinamisha sufuria: mtindi haukusogea,
ila maji kidogo ya manjano yalikusanyika ukingoni.
Nikachota vijiko viwili,
nikaviweka kando katika kikombe
kabla ya mtu yeyote kuonja.