Kinachotoka kwenye Mizani

Al-Khoudh, mwezi wa saba. Nje lami inalainika.
Ndani, Muzna anachanganya silikati ya ethili,
spiriti, tone la asidi,
na maji kidogo kidogo, kama anayemnywesha mgonjwa.
Anakwenda kuswali adhuhuri.
Akirudi anaiinamisha chupa: haimwagiki.
"Imeshika," anasema, kwa Kiswahili cha Ibra
alichorithi kwa bibi yake pamoja na kinu cha kahawa.

Mimi ni mtunza mashine. Jeli nimeziona.
Wiki ya kwanza hung'aa kama jicho la samaki mbichi,
ya pili hujikunyata, zikauacha ukuta wa chupa.
Mwenye pupa hufunua mapema,
asubuhi akakuta vigae.
Muzna alivunja kumi na moja.
Ya kumi na mbili aliifunika kwa karatasi,
akaitoboa kwa sindano, matundu matatu tu,
akaisahau kwa makusudi.

Leo tunaichoma.
Punje moja, miligramu kumi na nane,
kwenye kisahani kinachoning'inia katika mizani,
na mizani yenyewe imo tanurini.
Washairi wa kwetu huhesabu mizani kwa vidole.
Hii huhesabu kinachotoka.

Nyuzi mia: maji yanaaga bila kinyongo.
Mia tatu: mabaki ya spiriti yaliyojificha vinyweleoni
yanaungua, punje inakuwa kahawia,
na nadhani nasikia harufu ya halua iliyoshika chini ya sufuria.
Mia sita: weusi umefutika,
lakini mstari bado unashuka,
taratibu, kama mtu anayetafuta ngazi gizani.

"Maji tena?" anauliza Muzna. "Yalikuwa wapi muda wote huo?"
Hayakuwepo, namwambia.
Hidroksili mbili zimesogeleana, zimeshikana,
zimetoa tone, zimebaki daraja.
Tone limezaliwa likiwa njiani kuondoka.
Ananitazama kama niliyemwibia kitu.

Nyuzi elfu. Tunazima. Usiku kucha tanuri linapoa.

Asubuhi kuna kipande cha kioo, kimepauka kidogo:
kumi na tatu nukta mbili.
Ripoti anaiandika kwa Kiingereza,
mama yake anamjibu kwa Kiarabu,
mimi ananiuliza kwa lugha ya yule bibi:
hizi nne nukta nane, tuziite nini?

Sijamjibu bado.
Nje ya dirisha kiyoyozi kinadondosha maji yake
juu ya lami, tone, tone,
na hakuna tone linalodumu
hadi la pili lifike.