Ufunguo wa Lango

Brandulf alikufa Septemba, darajani,
kwa mkuki wa sponji wa kijana wa miaka kumi na mitano
aliyeniomba radhi kabla damu ya rangi haijakauka.
Sheria ya mchezo ni moja: aliyekufa hafufuki.
Miaka tisa nilimvaa. Deraya yake
imekaa kitako stoo, juu ya mashine ya kukatia nyasi,
kama mgeni asiyejua aage vipi.

Leo, Jumamosi ya Mei, msituni nyuma ya Viborg,
nashuka garini nikiwa mtu mwingine.
Si kabisa: bado nina soksi za posta.
Asger ananipaka masizi mashavuni.
"Anaitwaje huyu?" Mosse.
"Kazi yake?" Anauza chumvi.
"Na zaidi?"
Anaogopa.
Asger anacheka, kisha haniangalii kwa muda.

Jina jipya ni kiatu kipya, linabana kisigino.
Asubuhi nzima mkono wa kulia unatafuta mpini,
unaambulia kijiko.
Nampisha kila mtu njiani, hata watoto.
Wito wangu niliutunga nikigawa barua,
mlango hadi mlango, nikihesabu hatua:

    Nunueni chumvi yangu, si ile ya kulilia,
    Sina ngao sina rungu, nina miguu ya njia,
    Mkianza vita, wangu, mimi nitawaachia,
    Shujaa ana matanga, muoga ana hadithi.

Wanacheka. Wananilipa vifuniko vya chupa
ambavyo leo ni fedha.

Saa nane, mvua. Mazimwi ya Kaskazini
(wauguzi wawili, mhasibu, mwalimu wa hesabu,
meno ya plastiki hadi kidevuni)
yakachomoza kwenye misunobari yakinguruma.
Alberte, kapteni wetu, miaka kumi na saba,
akanirushia ufunguo: "Mosse! Funga lango!"
Lango ni turubai na mbao nne.
Ufunguo ni chuma kweli, wa kabati la bibi yake.

Nikakimbia nao.
Si langoni.

Nikajilaza katikati ya madege, uso kwenye matope,
siafu mmoja akipanda mkononi bila haraka.
Kule nyuma sponji zilipigana puu, puu,
kama mazulia yanayokung'utwa,
na mtu, kwa joto la vita, akakosea jina:
"Brandulf! Brandulf, uko wapi?"

Magoti yakaitika kabla yangu.
Nikang'ata kofia.
Woga ule niliujua. Haukuwa wa Mosse.
Ulikuwa wa ukumbi mrefu wa hospitali, Aarhus,
Februari ile, mlango wa saba,
baba yangu ndani, kiganja changu juu ya kitasa,
halafu lifti, halafu maegesho, halafu barabara.
Miaka tisa nilivaa chuma
na hakuna aliyeniuliza kilikuwa kinafunika nini.

Mji ukaanguka saa tisa na robo.

Jioni tulikula soseji chini ya turubai lilelile,
mazimwi wakitema meno kwenye vikombe.
Alberte akaja, rangi ya damu imemshuka hadi shingoni.
"Nilikuchukia," akasema. "Kweli kweli. Nililia."
Akanipa mkate wake nusu.
"Usimuue huyu mapema."
Nilitaka kumwambia jambo, nikamwomba haradali.

Usiku, nyumbani, nimegeuza mifuko
kabla ya kufua. Vifuniko kumi na kimoja,
chumvi iliyolowa, jani la dege,
na ufunguo.

Nitampigia kesho. Atacheka.
Kwa sasa uko mezani karibu na barua za watu,
na huko msituni kuna mji
hauwezi kufungwa mpaka Juni.