Mtandao wa Meza Moja

Mashine saba, zote mitumba,
tulizitoa Luthuli ndani ya gunia la viazi
mwenye nyumba asije akauliza stima yake italiwa na nini.
Moja haina kibodi. Moja ina kibandiko cha shule
kwa maandishi tusiyoyajua.
Mutheu akazipanga kwenye meza ya kulia,
akachukua kalamu ya wino mzito, akazibatiza mitaa:
Kaloleni, Makongeni, Bahati, Mbotela,
Maringo, Ziwani, na ile yenye ufa, Jericho.

"Nairobi ya zamani yote," akasema,
"na bado hatujatoka Zimmerman."

Hatukutaka kwenda popote. Waya wa nje tuliuchomoa.
Ni mtandao usio na mlango wa barabarani,
wa kujifunzia tu, kama watoto wanavyopika udongo
kwenye kopo la maziwa, wajue chumvi huingia lini.

Kanuni ni hii: barua huvikwa maganda matatu.
Kaloleni humenya la kwanza, akaona jina la Bahati, basi.
Bahati humenya la pili. Hajui ilianzia wapi,
hajui itaishia wapi,
anajua jirani wa kushoto na jirani wa kulia.
Maringo hutoa la mwisho, akasoma,
wala hawezi kuapa ni mwandiko wa nani.

Ni kitunguu. Kikatuliza.

Siku tatu barua haikusogea hata inchi.
Mashahidi wawili, Ziwani na Jericho, hushika daftari:
nani yu hai, nani wa kuaminiwa,
na lazima watie sahihi wote.
Hawakutia. Tukasoma kumbukumbu mstari kwa mstari,
tukabadilisha funguo, tukalaumiana,
tokeni zikaisha katikati ya lawama,
na humo gizani Mutheu akaanza kucheka.
"Stima ikirudi, muulize Jericho leo ni tarehe ngapi."

Jericho alikuwa Januari mosi, mwaka wa 2009.
Betri ya saa yake, ndogo kama shilingi, ilikufa zamani;
kila akiamka anaianza dunia upya
na kumwona Ziwani mwongo, mtu wa kesho.

Shilingi sabini, kwa fundi wa saa, Ngara.

Barua ya kwanza ilipita Kaloleni, Bahati, Maringo,
safari ya sentimita sitini,
ikatua kwenye kioo changu bila jina:
*Nani alimaliza mandazi?*
Nikamtazama. Akatazama dari.
Tulikuwa wawili humo ndani.
Maganda yote yale, na wawili hawana siri.
Ukitaka kufichika, tafuta wa kufichika nao.

Tukamwita Cheruto wa ghorofa ya juu,
na Opondo, yule wa kinyozi.
Jumamosi, vioo vinne, tumepeana migongo.
Utani ukapita. Matusi madogo. Fumbo la hesabu
lililokosewa. Kisha:

*Niliachishwa kazi mwezi wa tatu.
Kila asubuhi navaa, natoka,
nakaa Jeevanjee mpaka jioni.
Nyumbani hawajui.*

Feni ya Makongeni ikavuma.
Hakuna aliyegeuka. Nami sikugeuka.
Mashine zote saba ni zetu, nywila zake twazijua,
kuzifuata nyayo kungetaka dakika tano.
Mutheu akanyosha mkono; nikadhani anaendea kibodi.
Akawasha jiko.

Akamimina vikombe vinne, sukari sawasawa,
na sahani ya mandazi ikaanza kuzunguka
mkono hadi mkono, nyuma ya migongo,
kila mtu akimjua tu
jirani wa kushoto na jirani wa kulia.