Plamu za Soni

Mwantumu kaja na swali la jiografia,
kalitua juu ya mzani wangu, kati ya plamu na peasi:
"Mama, mji wetu una uhusiano gani na nusutropiki?"
Nami nina wateja wawili, na chenji sina.

Ngoja, nikamwambia. Kwanza fukuza nzi.

Januari hii soko la Mgandini
linatokota kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Kaskazi inavuma, lakini ni pumzi ya mgonjwa wa homa;
kanga imenigandia mgongoni tangu saa tatu.
Kitabu chake kinasema: Tanga, nyuzi tano kusini mwa Ikweta.
Mstari wa Kaprikoni uko ishirini na tatu na ushei,
na nusutropiki, eti, inaanzia ng'ambo yake,
huko Durban alikoolewa shangazi yake Mwanahamisi,
asirudi hata kwa msiba.

"Mbali," anasema mwanangu. "Mbali sana."

Mbali wapi? Jana usiku ilipakiwa Soni
kwenye Fuso la Shekiondo, matenga kumi na manne.
Dereva alivaa koti la sufu, na kofia.
Mombo akavua kofia.
Korogwe akavua koti.
Muheza akafungua vifungo vya shati,
na hapa kwangu akashuka na singlendi, anaomba maji.
Lakini plamu, mwanangu, haina cha kuvua.
Ina ngozi moja tu,
na vumbi la ukungu bado liko juu yake.

Ishike. Unasikia ilivyo baridi huko ndani?
Ndiyo hiyo. Ina siku mbili za kuishi hapa.
Kesho italegea, keshokutwa nitaiuza kwa bei ya kutupa,
mtondo niile mwenyewe nisimwambie mtu.
Mwalimu Mhando anaisaka kwenye mistari iliyolala;
angetazama Usambara ilivyosimama.

Tena Julai, kipupwe kikibisha alfajiri,
utaniona nimejitanda kanga mbili,
nasema leo baridi inakata mfupa;
wifi yangu wa Lushoto akisikia hucheka hadi akapaliwa.
Nyuzi ishirini! Kwake hilo ni jua la kuanikia godoro.

Aliandika yote, hata kicheko cha wifi.
Jumatatu akarudi na daftari, wino mwekundu:
Hapana. Tanga ni tropiki.
Chini yake, kwa herufi za kusitasita, nusu alama.

Plamu aliyompelekea kama ushahidi
haikurudi.