Goti

Barua ya kijiji cha Chilendu ilifika mezani kwangu Septemba
ikiwa na doa la mafuta ya alizeti kwenye kona,
wino wa bluu, mwandiko umelala upande mmoja
kama mabua ya mtama yaliyochoka upepo wa Agosti.

"Tunaomba kivuko," aliandika Yeremia Msanjila, mtendaji.
"Korongo likijaa watoto wanalala ng'ambo.
Januari, Mbeleje alijifungulia mchangani
akisubiri maji yapungue."
Hivyo tu, na muhuri uliokaukiwa.

Kata ikaandika: Naunga mkono.
Halmashauri ikaivua kandambili, ikaivika suti:
"Kuimarisha miundombinu ili ipitike mwaka mzima."
Mbeleje akatokea hapo.
Mimi wa mkoani nikaipa msimbo,
lengo D, shabaha ya tatu, shughuli ya kumi na moja,
na mchanga nao ukatoka.

Sikufanya hila. Ndiyo kazi niliyoajiriwa:
kupokea kilio
na kukipandisha kikiwa jedwali.

Februari nikaenda Mtumba, faili kwapani.
Mchambuzi, kijana mpole, tai imenyooka, akauliza:
"Hii ipo kwenye vipaumbele?"
Nikasema, ipo Chilendu.
Akacheka. Nami nikacheka.
Chai ikaletwa.

Julai jibu likashuka, na neno lake lilelile: ukomo.
Kivuko, sifuri.
Madarasa mawili na samani zake, ndiyo.
Nikasaini kwamba nimepokea,
nikaishusha Bahi kwa dispachi
kama mtu anayempa mwenzake kaa la moto kwa adabu.

Wanatuita kiungo.
Sawa, lakini si kile cha mchuzi,
maana hakuna anayetuonja.
Sisi ni goti.
Kichwa kikiamua kusujudu,
goti ndilo linalokutana na changarawe.
Lakini pia, mguu ukichomwa mwiba,
bila goti kukunjwa
jicho litauonaje?

Hilo niliwaza njiani, Desemba, nikienda kukagua.

Mifuko mia mbili ya saruji ilikuwa imelala upande huu
chini ya turubai, dereva wa lori anachemsha ugali.
Korongo limeshuka jekundu, linavuta visiki,
ndala moja ya mtoto, debe.
Upande ule, kiwanja cha madarasa kimefyekwa vizuri,
mambo zimechomekwa, kamba zimenyooka.

Yeremia alisimama ng'ambo akipiga kelele.
Maji yalikula maneno, nikaokota mawili tu:
"...si tuliandika..."
Nikainua mkono. Sijui ulikuwa wa salamu
au wa kuapa.
Kando yake mwanamke, mtoto mgongoni.
"Yule ndiye Mbeleje," dereva akasema, hakuacha kusonga.
"Mtoto wamemwita Makorongo."

Usiku ule, ofisini, umeme umerudi,
nikafungua mfumo, bajeti ya mwaka ujao.
Shughuli ya kumi na moja. Safu ya maelezo.
Nikaandika:
Makorongo, miaka miwili kasoro mwezi. Yuko ng'ambo.

Mfumo ukakataa. Herufi zimezidi.

Nikakaa. Mlinzi akapita na tochi, akaniuliza kama naumwa.
Nikafuta "kasoro mwezi".

Sentensi ikapita.